Mzee Aliyelijua Dirisha la Mama

Nilimwogopa huyu mzee kwa miaka sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuniinulia sauti. Kazi yake ilikuwa kubadilisha mikono ya madirisha, vile vyuma vya kushikia unavyofungulia dirisha asubuhi na kulifungia jioni bila hata kuvifikiria. Kazi yenyewe ndogo, mtu mwenyewe mdogo, mwembamba, koti la kijivu limemzidi mabega. Mtaani kwetu, nje kidogo ya mji wa Machakos kwenye barabara ya kwenda Kola, aliitwa Fundi tu, kana kwamba hakukuwa na fundi mwingine. Nikimwona kwa mbali, mimi mwanamke mzima, mwalimu ninayefokea darasa la watoto hamsini wakanyamaza kimya, nilikuwa najificha nyuma ya kibanda cha nyanya nikijifanya nachagua, mpaka apite.

Sababu niiseme mapema, maana nikianza kuizungushazungusha nitaishia kutoisema. Mama yangu hakufa kwa presha. Dadangu mkubwa aliyeolewa Muthetheni, padri, majirani, wote niliwaambia ni presha, na kweli mama alikuwa na presha, kwa hivyo hakuna aliyeuliza mara mbili. Lakini Fundi alilijua dirisha la chumba cha mama kuliko mtu yeyote, na nilikuwa na hakika kwamba siku moja atafungua mdomo, dadangu asikie, na mimi nikose pa kuuficha uso wangu.

Mambo ya ukoo wake na alikozaliwa sitayagusa. Hayo wanayo watoto wake. Nitasema nilichokiona.

Ukimwita Fundi abadilishe mkono wa dirisha, dirisha lenyewe hakuliangalia kwanza. Aliuliza, "Nani analala hapa?" Ukimwambia ni watoto, anataka waitwe. Ukimwambia ni mgeni, anauliza mgeni yupi. Kisha anachukua mkono wa huyo mtu, anaugeuza kiganja juu, anabonyeza vidole kimoja kimoja kama daktari. Wanawake wengine hawakupenda. Jirani yetu mmoja aliwahi kumwambia, "Wee mzee, nimekuita kwa dirisha, si kunisoma kiganja!" Fundi akamjibu, "Mama, hii dirisha haina shida. Shida ni hii kidole yako ya gumba. Imelala." Akamfungia mkono mrefu kuliko wa kawaida ili asihitaji nguvu, na mpaka leo yule mama huwaonyesha wageni.

Alikuwa na jaribio lake, na hakuchukua vifaa vyake kuondoka kabla ya kulifanya. Alimlaza mwenye chumba kitandani, akamfunga macho kwa leso, kisha anasema, "Amka. Fungua." Ukipapasa ukuta ukahesabu mpaka tano kabla ya kupata mkono wa dirisha, anaung'oa na kuanza upya. Tulicheka sana na mama siku nilipofanyiwa mimi. Nilijigonga goti kwenye kabati, nikashika pazia, nikavuta pazia lote likaniangukia kichwani. Fundi hakucheka. Alisema, "Hapo umeshakufa, mwalimu." Alilisema kwa upole, kama mtu anayekusahihishia hesabu.

Vifaa vyake alivibeba ndani ya kyondo, kikapu cha mkonge alichosukiwa na mkewe, na wanaume walimchekelea kwa sababu kyondo ni cha wanawake. Yeye alisema mfuko wa ngozi unaficha vitu chini na kyondo hakifichi. Humo mlikuwa na tupa, bisibisi tatu, drili ya kuzungusha kwa mkono, chupa ya mafuta, kopo la ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na karatasi za daftari kuukuu. Karatasi zilikuwa za kupima. Aling'oa mkono uliovunjika, akabandika karatasi juu ya matundu, akasugua kwa kipande cha mkaa mpaka matundu yakajichora. Karatasi hiyo ndiyo aliyoipeleka dukani. Nilimuuliza kwa nini asipime kwa rula kama watu wengine. "Rula inakuambia umbali," alisema. "Haikuambii kama tundu limelika upande mmoja."

Niliwahi kwenda naye dukani, lile duka la vifaa vya ujenzi la mzee wa Kisomali mjini. Ilikuwa kabla ya mambo kuharibika, na tulikuwa bado tunataniana. Fundi alimwagiwa mikono ya madirisha kama ishirini juu ya meza. Akatenga ya kulia na ya kushoto, maana mkono wa dirisha una upande wake, ukikosea ulimi wake hautafika kwenye fremu. Kisha akaanza kuigonga mmoja mmoja kwenye ukingo wa meza, sikio ameinamisha. Ule wa shaba ulilia. Ule wa chuma cha kumwaga ulisema kop, basi. Aliirudisha yote iliyosema kop. Mwenye duka alishika kiuno akamwambia, "Fundi, wewe leo unanunua ama unaoa?" Fundi hakuinua kichwa. "Hata mke unaweza kurudisha kwao," alisema. "Hii ikivunjika na mtu ndani, utaongea na nani?" Mwenye duka aligeuka kunitazama, akatikisa kichwa, akamletea sanduku lingine.

Utadhani mtu wa namna hiyo alikuwa jasiri. Ngai wakwa, Mungu wangu! Sijaona mwoga kama Fundi. Ngazi alipanda vipande viwili, cha tatu anaanza kutetemeka miguu na kuomba ashikwe. Mtungi wa gesi aliuzunguka kwa mbali kama ng'ombe mwenye pembe kali. Kanisani alikaa siku zote kwenye benchi la kando, karibu na dirisha, na kabla ya misa kuanza alilifungua na kulifunga mara mbili, kra, kra, padri akimngoja. Mwezi wa saba, ambapo Machakos inakuwa na baridi ya kuuma masikio na ukungu hautoki mpaka saa nne, akina mama wa kwaya walimlalamikia kwamba anawapoozesha sauti. Aliwaomba msamaha na akaliacha wazi. Nyumba asiyoijua hakuingia kabla hajauliza mlango wa nyuma uko wapi. Kilichomfanya hivyo sikijui. Wapo waliosema alipoteza mtoto, wengine wakasema alifungiwa mahali ujanani. Nilimuuliza mara moja naye akajibu, "Wewe huogopi?"

Na bado mtu huyu mwoga aliondoka kwenye kazi kubwa kuliko zote alizopata. Shule moja ya bweni ilimwita abadilishe mikono ya madirisha ya bweni zima. Alipofika akaambiwa aweke ya kufungwa kwa ufunguo, na funguo zikae ofisini. Alivaa kofia yake. Aliyekuwa akimsimamia akamwambia waziwazi kwamba mafundi ni wengi. Fundi alijibu, kwa jinsi nilivyosimuliwa na mwalimu mwenzangu aliyekuwapo, "Basi waite wengine, mimi sitalala." Akatoka kwa miguu mpaka barabarani. Hapo alikuwa akitetemeka, nasikia, mikono yote miwili, lakini alitoka. Nilimsifu sana niliposikia. Nilikuwa bado sijajua kwamba jambo lilelile litanifika mlangoni.

Lilinifika Jumapili moja. Niliishi na mama yangu, wawili tu. Alikuwa na miaka themanini na kitu, vidole vimejikunja kwa baridi yabisi, na siku hiyo hakuenda kanisani. Nilipokuwa misani, watu watatu walikunja vyuma vya dirisha lake kwa jeki ya gari. Mkono wa dirisha ulikuwa umevunjika wiki nzima na mimi nilikuwa nasema nitamwita Fundi kesho. Wakalisukuma tu, likafunguka. Waliingia wakimruka mama kitandani. Alijifanya amelala. Mmoja alimgusa bega, akamwambia, "Susu, lala tu," kana kwamba ni bibi yake, wakabeba televisheni, mtungi wa gesi na redio yake ya betri. Nilipofika nilimkuta bado amejifunika kichwa, saa tatu baadaye, amejikojolea, na hakutaka kutoka chini ya blanketi kwa sababu alidhani mimi ni wao.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia kwetu. Mama hakulala bila kuniita mara tano. Mimi nikisikia bati limelia ninakaa kitandani na rungu. Nikamwita Fundi, nikamwambia sitaki maneno mengi, nataka mkono wa dirisha wenye kufuli, na ufunguo utakaa shingoni mwangu. Nilikuwa nimeshaununua mwenyewe, mzito, wa kung'aa.

Fundi akaupokea, akaupima kwenye kiganja. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama, akamshika vidole.

"Mwaitu," alimwita, yaani mama kwa Kikamba, "jaribu hii."

Mama alijaribu. Vidole viliteleza. Hata bila ufunguo hakuweza kuusogeza.

"Mwalimu, hii siweki," Fundi alisema.

"Utaweka. Wezi wameruka mama yangu akiwa kitandani, unanielewa?"

"Naelewa. Lakini mwizi ako na jeki. Kama anataka kuingia, hii kufuli itamchelewesha dakika mbili. Mama yako itamfungia kabisa. Na hii baridi inakuja. Wazee wanapenda kuingiza jiko."

"Mama haingizi jiko chumbani. Nimemkataza."

"Ukiwa shuleni?"

Hapo ndipo niliposema maneno ambayo nimeyakumbuka kuliko sala zangu. Mlango ulikuwa wazi, majirani wawili wako uani wakisikia. Nilimwambia, "Nani amekuita hapa utufundishe kuishi? Nimekuita ufunge chuma. Kama unaogopa kila kitu, kaa kwako ujifunike, usituletee uoga wako. Toka."

Akatoka. Lakini kabla ya kutoka, na hili ndilo linaloniumiza, alifunga mkono mrefu aliokuwa amekuja nao kwenye kyondo, skrubu mbili, kimyakimya, nikiwa nimesimama juu yake nahema. Akamwambia mama ajaribu. Mama alilifungua dirisha kwa kidole kimoja. Fundi akaweka vifaa vyake ndani ya kikapu, akasema, "Kwaheri mwaitu," mimi hakuniaga.

Juma lililofuata niliita mtu wa kuchomelea kutoka mjini, asiyetujua, aje arudishe vile vyuma vilivyokunjwa. Mashine yake ikiwa bado ya moto, nikamwambia, "Hebu na dirisha nalo. Lichomelee tu." Akauliza kama nina hakika. Mama mwenyewe, akiwa kwenye kiti uani na shuka mabegani, alisema kwa Kikamba lifungwe, lisifunguke tena. Kwa hivyo hatukubishana. Mahali pawili tu, juu na chini. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Usiku ule mama alilala bila kuniita, nami nikajisifu.

Mwezi wa saba ukafika na ukungu wake. Siku ya Jumatano nilitoka kwenda shule saa kumi na mbili na nusu. Mama alikuwa ameamka, tulikunywa uji, nikamfunika. Nilirudi saa kumi alasiri. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa, na chini ameuziba kwa kanga kuzuia baridi. Jiko la makaa lilikuwa pale kati ya kitanda na ukuta. Majivu yalikuwa yamepoa. Yeye naye. Alikuwa ametoka kitandani amekaa chini ya dirisha, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umeshika ule mkono mrefu wa Fundi. Alikuwa ameuzungusha wote. Ulikuwa umefunguka vizuri kabisa. Dirisha ndilo lililokataa.

Nilichofanya baadaye nitakisema kama kilivyokuwa. Nilimlaza kitandani. Nikatoa jiko nje, nikamwaga majivu, nikalirudisha jikoni. Nikakunja kanga. Kisha nikachukua msumeno wa chuma wa marehemu baba, nikakata zile alama mbili za kuchomelea, mama yangu akiwa amelala nyuma yangu. Nilikata kwa muda mrefu. Blade ilivunjika nikaweka nyingine. Dirisha lilipofunguka nikalivuta mpaka mwisho, nikanawa mikono, ndipo nikapiga nduru.

Matangani Fundi alikuja siku ya pili. Alisalimia wazee, akakaa, akanywa chai. Baadaye nikamwona amezunguka nyumba. Nilimfuata kwa macho kupitia dirisha la sebule. Alisimama nje ya chumba cha mama, akapitisha kidole gumba kwenye chuma pale nilipokata, juu, halafu chini. Chuma kilichokatwa karibuni kinang'aa, sikuwa nimepata hata muda wa kukipaka rangi. Akageuka, tukatazamana. Nikaangalia kando. Nikajua anajua.

Fundi alikuwa na salamu yake. Watu wengine husema habari, vijana husema sasa, yeye alisema, "Madirisha yanafunguka?" na mtu anajibu, "Yanafunguka, Fundi," wanacheka, wanapita. Alinisalimia hivyo miaka na miaka. Baada ya mazishi hakunisalimia hivyo tena. Ilikuwa "Habari, mwalimu," basi. Ningependelea anitukane. Ile "habari" ilinifanya nisilale.

Na hofu ikikaa muda mrefu inakufundisha ubaya. Miaka miwili baadaye dadangu alinipigia simu kutoka Muthetheni, mwenye furaha. Amemaliza nyumba, anataka kumwita yule Fundi wetu aje akae siku tatu awafungie mikono ya madirisha yote. Siku tatu! Chai asubuhi, chakula mchana, maongezi jioni. Niliona jinsi atakavyomshika dadangu kiganja na kumuuliza kama mimi nimeshamweleza. Nikasema haraka, bila kufikiri, "Usimwite huyo. Siku hizi anakunywa pombe. Alifunga dirisha kwa fulani likaanguka." Dadangu akashangaa. "Yule mzee?" Nikaapa. Na kwa sababu uongo ukisemwa mara moja unataka wenzake, nikausema pia shuleni, nikausema kwenye chama chetu cha akina mama, mpaka ukawa unanirudia mwenyewe kutoka midomoni mwa watu nisiowajua. Nilitaka tu kwamba siku atakaposema, watu waseme, aah, huyo mlevi. Fundi hakuwahi kuonja pombe. Kazi zikampungua. Nikawa namwona amekaa nje ya duka la yule Msomali, kyondo katikati ya miguu, asubuhi mpaka mchana, hakuna aliyemwita. Mara moja vijana wa Syokimau walimchukua kwa gari aende akawatengenezee nyumba ya kupangisha, wakamrudisha siku hiyohiyo, eti "mzae anauliza maswali mob," mengi mno. Nilicheka na wenzangu kibandani. Nilicheka kweli, nisiwadanganye.

Mwaka huu, mwezi wa tano, mke wa mwanawe alinitafuta shuleni. Msichana mpole, kwao ni Muthetheni. Akaniambia baba mkwe ni mgonjwa, kifua kimemkaba, na anataka kuniona. "Amesema mwalimu aje, hata kama ni mara moja." Nilimwambia nitakuja Jumamosi. Sikula vizuri siku tatu. Usemi wangu niliupanga njia nzima ya Kola, nikiurudia kwa sauti ya chini: Fundi, yale ya mama tuyaache kati yetu sisi wawili, wewe ni mtu mzima, mimi nina ndugu. Kama angekataa nilikuwa tayari kupiga magoti.

Nilimkuta kitandani, koti la kijivu juu ya blanketi. Alikuwa amekwisha kwa kukonda. Mikono ilikuwa imetulia juu ya kifua, mikubwa kuliko nilivyoikumbuka.

"Umekuja, mwalimu."

"Nimekuja, Fundi. Pole na ugonjwa."

"Mimi niko tu. Kaa hapo karibu, sauti haiko."

Nikakaa. Nikafungua mdomo nianze, naye akanitangulia.

"Niko na neno yako. Nimekaa nayo mpaka imenishinda."

Nikasema, "Fundi, tafadhali."

"Wacha niseme. Ule mwaka, kabla mama yako aende. Kama wiki mbili. Nilikuwa natoka hapo kwa jirani yenu wa chini. Nikapita kwa barabara, nikaangalia dirisha ya mama, kwa sababu mimi huangalia. Nikaona rangi imeungua. Juu na chini. Nikajua hiyo ni kuchomelea."

Alikohoa muda mrefu. Nikamshikia kikombe cha maji.

"Na baridi ilikuwa imeanza," akaendelea. "Nikakuja mpaka kwa geti. Nikashika geti hivi. Nikasema naingia, nimwambie mwaitu asiingize jiko. Halafu nikakumbuka vile uliniambia, majirani wakisikia. Nikaogopa. Nilikuogopa wewe, mwalimu. Nikaacha geti, nikaenda nyumbani, nikakula." Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso kubadilika. "Siku ya matanga nilikuangalia nikitaka kukuambia, ukaangalia kando. Nikajua unajua niliona na sikusema. Hata nikisikia umesema mimi ni mlevi, nilisema ni haki yake. Mtu amemuulia mama, anyamaze? Nisamehe tu. Lakini usiambie hawa watoto wangu. Wananiona mtu wa maana."

Jamani. Alisema maneno yaleyale niliyokuwa nimekuja nayo. Miaka sita alikuwa ananikwepa kama mimi nilivyokuwa namkwepa, kila mmoja akiogopa mdomo wa mwenzake. Na nitakiri kilichonijia kwanza, hakikuwa huruma. Ilikuwa nafuu. Niliona njia imefunguka mbele yangu, nyeupe. Niseme tu "Nimekusamehe, Fundi," nimshike mkono, nirudi nyumbani. Angekufa na mzigo wangu, akizikwa nao, na dadangu angeendelea kunipigia simu kila Jumapili kuniuliza kama nimekula.

Nilisema, "Nime..." nikakwama. Alikuwa ananitazama kwa matumaini kama mtoto anayengojea daftari lake.

"Fundi, si wewe," nikasema. "Ni mimi nilimwita mtu akachomelea. Mama alijaribu kufungua. Nilimkuta ameshika mkono wako wa dirisha, ameufungua wote, dirisha likakataa. Na nilikata kwa msumeno kabla sijaita mtu, ili wasijue. Wewe hukufanya lolote. Na pombe hukunywa, nilikusingizia kwa sababu nilikuogopa."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia masikioni mwangu. Fundi alifumba macho. Midomo ilisogea, sikusikia. Halafu akasema polepole, "Alikuwa ameufungua?"

"Wote. Mpaka mwisho."

"Na zile vidole zake," alisema. "Mwaitu." Akalia kwa sauti, mzee wa watu, nami nikalia naye.

Ndipo nikasikia vikombe vinagongana. Mke wa mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, na kwa jinsi chai ilivyokuwa imetengeneza ngozi juu, hakuwa amefika sasa hivi. Alitazama chini. Kwao na kwa dadangu wanatenganishwa na ua tu. Wanasali kanisa moja, wanateka maji bomba moja. Aliweka sinia juu ya kiti, akasema, "Karibu chai, mwalimu," kwa adabu kabisa, akatoka.

Nilikunywa ile chai. Nilikaa na Fundi mpaka akasinzia. Kisha nikatoka nikasimama nyuma ya boma lao, mahindi yakiwa yamenifika kiunoni, nikatoa simu. Nikakosea namba mara mbili, mimi ninayeijua kwa moyo. Dadangu, niliyekuwa nimemwambia asubuhi tu kwamba nakwenda kuona mgonjwa, alishika upesi. Alikuwa anacheka na mtu huko jikoni kwake, sufuria zikilia.

"Eee, niambie! Umefika kwa mgonjwa? Anaendeleaje?"

"Toka hapo jikoni," nikamwambia. "Nenda chumbani, ukae chini."

"Mbona? Amekufa?"

"Hapana. Ni mambo ya mama."

"Mama gani?"

"Mama yetu."

Kicheko kiliisha. Nilisikia mlango ukifungwa, nikasikia kitanda, nikasikia anapumua akinisubiri. Nikaanza na siku niliyomwita mtu wa kuchomelea.